Kamba Uliyomfundisha Moraa

Fundi Makori,

Sijui kama huko uliko kuna magari. Kama yapo, basi yote yanakula oili, maana sioni sababu nyingine ya Mungu kukuita wewe na kuwaacha wezi wote wa betri wa Kisii wakiwa wazima na wamenona. Ni mimi, Onchiri. Yule wako wa kwanza, uliyemtoa kwenye majani chai ukampa spana kabla hajaota ndevu. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu barua nilifundishwa kwa Kiswahili, darasa la sita, na la saba mimi na shule tukaachana kwa amani. Ekegusii najua kukiongea, kukitukania na kukiombea. Kukiandika, mkono unakataa.

Leo ni Sabato. Gereji imefungwa tangu jana jua likizama, kama ulivyotaka. Nimetoka kanisani, nimekula, nimekuja kukaa kwenye kile kiti cha pikapu ulichokuwa ukikalia ulipougua, pale mlangoni, ukisikiliza injini za watu na blanketi magotini. Usikasirike. Mtu lazima akae mahali.

Wacha niseme mapema kabla sijaanza kujisifu, maana nikianza unanijua. Nina wivu, tata, baba yangu wa kazi. Sio ule wa wanawake. Mke wangu ananitosha, tena ananizidi. Wivu wangu ni kwa Moraa, yule msichana uliyemfundisha kazi baada yangu. Na nimekukasirikia wewe, marehemu, Mungu anisamehe, kwa sababu ulimpa kitu ambacho mimi hukunipa.

Miezi minane imepita tangu tukuzike. Migomba uliyopanda nyuma ya gereji imezaa mikungu miwili, mmoja umeinama mpaka tumeuwekea mti wa kuegemea. Mama, mjane wako, yuko salama. Anakuja kila Jumanne na uji wa wimbi, anakaa, anasema nyumbani kumenyamaza sana, afadhali makelele yetu. Ungemwona alivyosimama siku ya arubaini yako akasema mbele ya watu wote, "Gereji ni ya hawa wawili, Onchiri na Moraa. Sitaki kusikia wameigawa." Watu wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga, lakini mkono mmoja haukuwa na nguvu.

Sasa nikuambie ya lile gari.

Mwezi uliopita liliingia Nyakoe gari la milango miwili, jekundu kama nyanya ya kuivia shambani, limelala chini mpaka nikadhani tairi zimetoboka zote nne. Gari la mbio, Fundi! Hapa kwetu! Watu waliacha chai kibandani wakaja kusimama. Mwenyewe ni daktari wa meno, ana kliniki Nyamira. Alilinunua Mombasa kwa mtu aliyekuwa amelifungia miaka kwenye banda. Unajua mimi magari nimeyaona. Nimefika Juba, nimefika Bujumbura, Kampala nimelala mpaka mbu wakanijua jina. Hata gari la balozi nimewahi kuligusa. Nilikuwa nalisukuma kutoka matopeni, lakini nililigusa. Kwa hiyo nilijitokeza mbele ya wote nikapangusa mikono.

Daktari akasema, "Linakunywa oili kushinda petroli. Na asubuhi nikiwasha, linagonga huku juu kama mtu anakwangua sufuria."

Boneti bado imefungwa, mimi nikajibu, "Ringi hizo, Daktari. Ringi za pistoni zimekwisha. Tunafungua injini yote, tunaanza upya."

"Bila kusikiliza?"

"Mimi gari likipita tu barabarani najua mwenyewe amekula nini."

Yule daktari akaniangalia vile wanavyoangalia jino. Akasema, "Fundi, mimi sing'oi kabla mgonjwa hajaniambia linauma akinywa moto ama akinywa baridi." Watu wakacheka. Wee, walicheka! Mpaka yule mama wa mandazi, ambaye nilidhani yuko upande wangu.

Na Moraa? Alikuwa amesimama nyuma, koti la kazi limejaa grisi. Akauliza kitu kimoja tu: "Daktari, moshi unauona saa gani? Ukipanda mlima ama ukiteremka?"

Daktari akasema hajawahi kuangalia nyuma. Mimi nikamwambia Moraa hayo ni maswali ya shuleni. Nilisema hivyo mbele ya watu. Niandike tu, kwa sababu wewe ulishajua ningesema hivyo.

Basi gari likalala kwetu. Nikaamua kumwonyesha daktari muujiza kabla ya kufungua chochote. Dawa unaijua, ni yako. Lori la majani chai la Ogembo likianza kula oili, tulikuwa tunafanya nini? Tunamwaga ile nyepesi, tunaliwekea nzito, nzito kama asali ya porini, linanyamaza, linamaliza msimu. Mara ngapi? Wewe mwenyewe ulinishika mkono nikiwa nimebeba debe, ukaniambia, "Injini mzee hupewa uji mzito." Nikaweka uji mzito kwenye lile jekundu. Nikalijaza mpaka alama ya juu, nikaenda nyumbani nikiimba.

Asubuhi ya Nyakoe unaijua, ukungu umekaa mpaka huoni miguu yako, baridi ya kuuma masikio. Daktari amekuja mapema kabla ya kazi, amesimama na koti. Nikawasha.

Fundi! Lilipiga kama cherehani ya fundi nguo aliyechelewesha sare za shule. Ta-ta-ta-ta-ta! Kunguru waliondoka kwenye mabati. Nilikanyaga mafuta nikidhani litanyamaza, likazidi. Daktari akashika shavu lake mwenyewe.

Moraa akapita mbele yangu, akazima ufunguo. Akafungua kile kifuniko cha kumiminia oili, akakipangusa na kitambaa, akanitilia mkononi. "Soma, Baba Kemunto," akasema, akiniita kwa jina la mwanangu kama siku zote, kwa upole kabisa.

Pameandikwa, tata. Juu ya kifuniko, namba zimechongwa, oili ya aina gani. Nyepesi, karibu maji. Mimi niliyesoma vibao vya mipaka ya nchi tano nilishindwa kusoma kifuniko kikubwa kama mandazi. Gari la mbio si lori la majani chai. Vijia vyake vya oili ni vyembamba kama mishipa ya mtoto, na kwa ile baridi yetu uji wangu haukufika juu. Vali, ile milango midogo ya juu ya injini, zilikuwa zinagongana kwa njaa.

Akaimwaga yote. Akaweka ile iliyoandikwa, akapima, akaliwasha. Kisha akachukua ile bisibisi ndefu, akaweka ncha juu ya kifuniko cha vali na mpini sikioni, akafumba macho. Alivyofumba macho! Hapo ndipo wivu uliponishika kweli, kwa sababu nilikuona wewe. Lile jicho la kulia lililokuwa likifumba nusu sekunde kabla ya la kushoto. Mimi nimekaa na wewe miaka tisa sijawahi kulipata hilo jicho. Yeye analo.

Kelele ikapungua, ikaisha. Akasema, "Kelele ya juu ilikuwa ni upungufu tu. Oili ilikuwa inakwisha, daktari anachelewa kuongeza, juu kunakauka. Sasa tutafute inaenda wapi."

Akapima kompresheni, ule mkandamizo wa ndani ya silinda. Silinda zote nne ziko sawa, zina nguvu kama ng'ombe dume. Kwa maneno mengine ringi ni nzima, na ovaholi yangu, ile ya kufungua injini yote, imekufa hapo hapo.

Halafu akaniomba nimfuate kwa pikapu. "Wewe angalia moshi wa ekzosi tu, usiangalie gari." Ni vigumu, Fundi, kuangalia ekzosi wakati gari lenyewe ni zuri hivyo na aliyekalia usukani sio wewe. Lakini niliangalia. Tukapanda mlima: hakuna moshi, safi. Tukageuza, akateremka mteremko wote mguu ukiwa nje ya mafuta, injini inamshikilia, dakika nzima. Chini kabisa akakanyaga. Pfuu! Wingu la buluu likanipiga kioo mpaka nikawasha waipa.

Tulisimama kando ya barabara akanieleza, na nitakurudishia vile alivyosema, ili ujue kwamba nilielewa. Gari likiteremka mguu umetoka, injini inavuta pumzi na mdomo umefungwa. Ile nguvu ya kuvuta inanyonya oili kupitia sili za vali, vile vipira vidogo vya juu. Gari lilifungiwa miaka bandani, vipira vikakauka. Ingekuwa ringi, lingetoa moshi likipanda, likivuta kwa nguvu. Milima yetu ndiyo ilimwambia. Mimi milima hiyo hiyo nimeipanda tangu kuzaliwa, haijawahi kuniambia kitu.

Sasa sili za vali, mimi najua kuzibadilisha. Unatoa kichwa cha injini, unafanya kazi siku tatu, unaomba gasketi ikae isivuje. Nikaanza kutafuta spana. Moraa akaenda kule nyuma, kwenye rafu yako, akateremsha mkebe wa kakao. Ndani kuna kamba. Kamba laini, nyeupe, safi kama ya kanisani.

Akatoa plagi. Akaingiza kamba kwenye tundu la plagi, kidogo kidogo, na mkia akauacha nje. Akazungusha injini kwa mkono, polepole, pistoni ikapanda, ikaibana kamba juu. Ile kamba ikazishika vali kutoka ndani zisianguke. Akafungua springi, akatoa sili kuukuu zimekauka kama ganda la kahawa, akavika mpya zilizotoka Nairobi. Akarudisha pistoni, akavuta mkia, kamba ikatoka yote. Silinda nyingine. Nyingine. Kichwa cha injini hakikuguswa. Siku moja, Fundi, na jua bado liko juu.

Nikamwuliza nani alimfundisha.

"Fundi."

"Lini?"

"Ulipokuwa Juba."

Nilitoka nje nikajifanya naenda kununua sukari. Nilisimama nyuma ya migomba. Kwa nini hukunifundisha kamba? Miaka tisa! Nilikuchotea maji, nilikubebea gia za lori mgongoni, siku ile jeki ilipoteleza ni mimi niliyekuvuta mguu. Nilikula na wewe ndizi na maziwa ya kuganda kwenye kopo moja, ukinipa upande wenye malai. Mimi ulinipa lori, nguvu, debe. Yeye ukampa sikio na kamba. Najua utaniambia niliondoka. Niliondoka, ndio. Miaka sita. Nilitaka kuona dunia, nimeiona, ina barabara mbaya. Lakini mkebe ungeweza kuningoja! Niliporudi ulikuwa bado hai mwaka mzima, umekaa hapa hapa kwenye kiti hiki. Moraa anakuwashia gari, wewe unainua kidole kimoja, yeye anajua ni beringi. Unainua viwili, anajua ni vali. Mimi nilikuwa nasimama hapo na spana kama mgeni kwenye nyumba ambayo nilisaidia kuijenga.

Hayo nayasema ili ulielewe lile nililofanya, sio kwamba linafaa kusamehewa.

Daktari alikuja kuchukua gari siku ya soko. Kibanda cha chai kimejaa. Akaliwasha, likaimba. Akateremka mpaka chini, akakanyaga, akarudi anacheka, hakuna moshi hata wa sigara. Akashuka, akauliza kwa sauti, "Nani aliligundua hili?"

Moraa alikuwa kwenye mfereji ananawa, amegeuza mgongo.

Na mimi mdomo wangu, tata, ule mdomo. Ulifunguka wenyewe. Nikasema, "Daktari, haya ni mambo ya uzoefu. Juba tulikuwa tunazibadilisha sili kwa kamba. Mtu akitembea dunia anaona."

Nilisema Juba. Nilimwibia Moraa kazi yake, halafu na wewe nikakuibia, ukiwa chini ya udongo huwezi kukohoa hata kidogo. Watu wakanipiga mgongo. Yule mama wa mandazi akanipa mawili bila kuomba. Nikayala. Yalikuwa matamu, ndio ubaya wake.

Moraa alifunga mfereji, akapangusa mikono kidole kimoja kimoja, akarudi kazini. Kuanzia hapo mimi sio Baba Kemunto tena. Ni "Bwana Onchiri." Na hasemi na mimi Ekegusii. Kiswahili tu, kile cha ofisini, kama mimi ni mteja kutoka mbali. "Bwana Onchiri, naomba spana namba kumi na mbili." "Bwana Onchiri, asante." Afadhali angenitupia nyundo.

Jumatatu iliyopita, siku isiyo yake, Mama alikuja bila uji. Akaniambia gereji moja kubwa ya Kisumu inamtaka Moraa, wamempa mpaka mwisho wa wiki awajibu. Akaniuliza, "Umemfanya nini mtoto wa watu?" Nikainama kutafuta spana ambayo haikuwa imepotea. Mama alinitazama mpaka nikajua amejua. Akaondoka.

Usidhani niliamka mtakatifu siku hiyo. Niliwaza kwanza: akienda, mimi ndiye Fundi. Kiti, rafu, mkebe, wateja wote wangu. Niliiwaza siku nzima na nikaifurahia, halafu likaingia gari la mwalimu fulani linatoa mlio kwa chini, mimi nikaweka bisibisi sikioni, nikafumba macho yote mawili pamoja. Sikusikia kitu. Kelele tu. Nikamwambia mwalimu arudi kesho. Hapo nikaogopa. Nikaona gereji yako ikigeuka mahali pa kufungua injini za watu bure, na mtu wa kuelezea Juba amesimama mlangoni.

Alhamisi nikapanda kwenda Nyamira, nikaingia kliniki. Benchi limejaa watu wameshika mashavu. Nikasema nataka kumwona daktari, msichana wa mlangoni akauliza jino lipi. Nikamwambia ni mdomo wote.

Daktari akatoka na glavu. Nikasema pale pale, kwa maana nikingojea faragha ningepata uongo mwingine. "Daktari, ile kamba sio ya Juba." Watu wote wakageuka; nafikiri walidhani nimemnyonga mtu. Nikasema yote. Oili nzito ni mimi. Kifuniko sikukisoma. Ringi ilikuwa ni mdomo tu. Moraa ndiye aliyesikia, Moraa ndiye aliyeona moshi kwa akili kabla mimi sijauona kwa macho, na kamba alifundishwa na Fundi Makori wa Nyakoe, marehemu, ambaye hajawahi kufika Juba na hakuwa na haja.

Daktari akavua glavu. Akasema, "Kwa hiyo wewe ungefungua injini yangu bure."

"Ndio."

"Basi usiliguse tena. Alishike yeye peke yake. Na nitawaambia wenzangu hivyo hivyo."

Bibi mmoja mwenye shavu kubwa kama embe akaanza kunicheka, halafu akashika taya akalia kwa uchungu, halafu akaendelea kucheka. Nikatoka. Nilitembea kidogo kabla ya kutafuta gari la kurudi, sikutaka mtu anione uso.

Jana, kabla ya kufunga kwa ajili ya Sabato, Moraa alikuwa anafagia. Daktari alikuwa amempigia simu, niliona. Nikamwomba msamaha. Sikupamba. Alisikiliza ameegemea ufagio. Halafu nikamwuliza lile lililokuwa linanichoma hata zaidi ya msamaha, kama mtoto: ile miaka sita, wewe Fundi ulikuwa unanitaja?

Akasema, "Kila siku. Gari likikataa kuwaka alikuwa anasema, 'Hili ni Onchiri: mlio mwingi, haliendi.'"

Tata, nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye grisi na suruali ya kanisani, niliyokuwa nimeshaivaa kwa ibada ya jioni. Nililia pia, kidogo, usiwaambie huko. Kila siku! Umeniweka mdomoni kila siku, miaka sita!

Moraa hakucheka sana. Akamaliza kufagia. Akasema, "Nimewaambia Kisumu waningojee mwezi mmoja. Mwezi mmoja, nikuone."

Kwa hiyo mimi Onchiri, wa Juba, wa Bujumbura, mwanafunzi wako wa kwanza mwenye mvi tatu, niko kwenye majaribio. Kwa msichana aliyekuwa darasa la nne mimi nikishusha gia za lori. Haya.

Wivu haujaisha, nisikudanganye. Asubuhi akifumba lile jicho lako nitauhisi tena, hapa, chini ya mbavu. Labda nitazeeka nao kama watu wanavyozeeka na goti bovu, wanatembea tu. Lakini nakuahidi hivi, Fundi wangu, na Mungu wa Sabato ananisikia: mteja akiuliza nani alisikia, nitataja jina la Moraa kwanza. Kisha lako. Nikishamaliza hayo mawili, ndipo nitajisifu na kitakachobaki, na unanijua, hata kikiwa kidogo kitanitosha.

Lala salama, tata. Mama nitamwangalia. Kesho tunafungua saa moja, na nimeambiwa nisichelewe.

Wako wa kwanza,
Onchiri